Mwanaidi na Chai za Milimani

Maji ya moto yanapogusa majani makavu ya chai kuna harufu inayotoka mara moja tu, kabla rangi haijaanza kukolea. Ni harufu fupi, na watu wengi hawaipati, kwa kuwa wamezoea kutupia majani kwenye sufuria inayotokota tayari pamoja na sukari. Mimi niliijua nikiwa na miaka kama tisa, nimekaa kwenye jamvi barazani kwetu Kibaha, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, nimeinamia bakuli dogo la uji lililotiwa chai, na dada yangu Mwanaidi amenishika kisogo ili nisiinue kichwa mapema. "Vuta sasa," alikuwa akiniambia. "Ukichelewa inaondoka." Nilikuwa navuta pumzi, mvuke unaniunguza pua, naye ananiuliza nimesikia nini. Nikijibu kwamba nimesikia chai, alikuwa anasonya na kunirudisha kwenye bakuli.

Mwanaidi alikuwa na miaka kumi na minne na alizaliwa na selimundu. Nyumbani jina hilo tulilitumia mbele ya wauguzi tu. Wenyewe tulisema "maumivu yake", kama mtu anavyotaja nguo au viatu vya mtu mwingine. Maumivu yake yalikuwa yanaanzia miguuni au mgongoni, yanapanda, na yakifika kileleni hakulia bali alikuwa anang'ata upindo wa shuka. Macho yake yalikuwa ya njano nyakati zote, na wasichana wa kidato cha kwanza walimsema kwa hilo hadi akazoea kuzungumza na watu akiwa ametazama chini. Kipupwe kile alikuwa ametoka kulazwa kwa muda mrefu na shule ilikuwa imesimama. Muuguzi alimwagiza mama ahakikishe binti anakunywa maji kutwa nzima, asingoje kiu. Shida ni kwamba maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, na Mwanaidi alikuwa anayamwaga kwenye maua mama akigeuka. Bibi yetu mzaa baba, aliyekuja kutoka Kisarawe na mihogo yake kumjulia hali, ndiye aliyesema, "Mpikieni chai ya rangi, nyepesi. Si maji hayo hayo?" Muuguzi alipoulizwa alikubali, mradi iwe nyepesi kweli, na maji ya kawaida yasiachwe.

Baba alikuwa dereva wa gari la serikali. Kazi yake ilimpeleka mikoani mara kwa mara, na alikuwa na desturi ya kurudi na kitu cha kila mahali: viazi, asali, makabeji. Baada ya Mwanaidi kuanza kunywa chai, baba akaanza kurudi na majani. Ya kwanza yalitoka Lushoto, yamefungwa kwenye karatasi ya kaki. Mama aliyapika kama alivyopika majani ya dukani, na Mwanaidi alipoonja alikiweka kikombe chini akakitazama. "Hii siyo ile," alisema. Baba akacheka, akasema chai ni chai. Mwanaidi akaomba apikiwe na ile ya dukani, awekewe pembeni. Alionja huku, akaonja kule, kisha akamwita baba naye aonje. Baba alionja kwa kumridhisha tu, lakini nakumbuka alivyorudia kikombe cha kwanza, halafu cha pili, akakuna kidevu na kusema kweli, hizi ni mbili.

Tangu siku hiyo kila safari ya baba ilileta kifurushi, na Mwanaidi akaomba makopo matupu ya maziwa kwa majirani, akayaosha na kuyaanika, akaandika herufi juu ya vifuniko. Alikuwa na utaratibu wake na hakupenda uharibiwe. Mabakuli ya uji yalipangwa kwenye jamvi, kila moja kijiko kimoja cha majani kisicho na mlima, maji kutoka birika lile lile, sahani juu kama kifuniko. Sukari ilikatazwa. Alionja kwa kijiko, akivuta chai na hewa pamoja kwa sauti iliyomfanya mama amwambie kwamba mtoto wa kike hanywi hivyo. Halafu alikuwa ananifunga macho kwa khanga na kunionjesha, nami nikakosea, naye akafungwa akapatia zote. Unga mweusi wa dukani alisema ni mtu mwenye haraka, rangi upesi na uchungu upesi. Punje za Mufindi zilikuwa zinamuuma pembeni mwa ulimi, kisha zinamwachia kinywa kisafi. Ya Njombe ilinukia nyasi zilizofyekwa asubuhi. Ile ya Lushoto, yenye majani marefu yaliyojikunja kama kamba, ilikuwa nyembamba mdomoni, na aliipenda kuliko zote ingawa hakusema hivyo mbele ya mama.

Hakusema kwa sababu mama alikuwa mtu wa Tukuyu. Alitoka huko akiwa msichana, akapata kazi ya ukarani Kibaha, akaolewa na Mzaramo wa Kisarawe na kubaki pwani. Kwao walikuwa na shamba dogo la chai. Mjomba wetu alipopata habari za mgonjwa na chai zake alituma majani kwa basi, si yale ya kiwandani bali yale aliyoyasokota mama yao mwenyewe kwa viganja na kuyakausha ndani. Tulikwenda kuyapokea kituoni, mimi na mama, na njia nzima ya kurudi mama alikuwa amekishika kifurushi karibu na pua. Mwanaidi aliyaonja siku hiyo hiyo. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Ina moshi," alisema.

"Huo si moshi wa chai," mama alimjibu. "Ni moshi wa jiko la mama yangu."

Mwanaidi akaonja tena. "Kumbe ndiyo harufu ya kwenu?"

Mama aliitikia kwa kichwa, akainuka na kwenda kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi kwenye kamba.

Mimi nilikuwa nimefika Tukuyu. Mama alikuwa akinichukua likizo, na Mwanaidi akabaki Kisarawe kwa bibi, kwa kuwa baridi ilikuwa adui yake. Mara moja tu mama alimpeleka, akiwa mtoto wa mgongoni, kabla haijajulikana ana nini. Huko vidole vyake na nyayo vilivimba kama maandazi, akalia hadi sauti ikakatika, na ndivyo tatizo lilivyogundulika. Mama hakurudia tena. Kwa hiyo dada yangu, aliyeweza kutambua kwa kijiko kimoja chai imetoka mlima gani, hakuwa amewahi kuuona mchai. Jioni aliniuliza mambo ambayo mimi niliyapita tu: je, miti ni mirefu au mifupi, ukungu una harufu, wachumaji wanaimba? Nilimwambia miti inanifika kiunoni. Nilimwambia asubuhi huwezi kuiona nyumba ya jirani. Nilipokosa la kusema nilitunga, naye alinijua, akanisikiliza hivyo hivyo.

Baba alijaribu kumletea shamba alipo. Alimwomba mjomba atume tawi bichi, likaja limeviringishwa kwenye majani ya migomba, na safari ndefu ilikuwa imeligeuza jeusi nusu. Mwanaidi alilifungua kwa uangalifu mkubwa. Alichuma jani lililobaki kijani, akalitafuna, akakunja uso. "Halina ladha ya chai," alisema, akanipa na mimi. Lilikuwa chungu na gumu kama jani jingine lolote la porini. Alilitazama lile tawi siku nzima. Usiku ulipokuwa unaingia, tukiwa mezani, alimwambia mama kwamba anataka kwenda Tukuyu.

"Utakwenda," mama alisema, "ukipata nguvu."

"Nimepata nguvu."

"Mwakani."

"Mama, mwaka jana pia ulisema mwakani."

Baba akaingia kati taratibu. Alikuwa na safari ya Mbeya, mkoa wa kwao mama, mwezi wa kumi na moja, kule baridi inapokuwa imepungua; daktari ameulizwa, amesema kipindi hicho anaweza kwenda akitunzwa na akinywa maji. Angekaa naye mbele kwenye gari. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Wewe hukumwona alivyovimba. Ulikuwa safarini." Ilikuwa kweli. Mwanaidi alitazama chini, kama alivyozoea kwa watu wa nje, akaendelea kula. Mwezi wa kumi na moja baba aliondoka peke yake alfajiri, na nilimwona Mwanaidi amesimama dirishani, mkono umeshika nondo, mpaka taa za gari zilipopotelea barabara kuu.

Shule zilipofungwa baba alitupeleka sote wawili Kisarawe ili Mwanaidi ajisikie naye amesafiri. Alibeba makopo yake kwenye kapu, akayapanga kwenye ubao juu ya jiko la bibi. Wiki zile zilikuwa na furaha yake. Bibi alitia tangawizi na mchaichai kwenye kila birika, Mwanaidi akilalamika, "Bibi, ukitia hivyo siyasikii majani," na bibi akijibu kwamba chai isiyo na tangawizi ni maji ya kunawia. Walikuwa wanakaa kwenye kivuli cha mikorosho na mabirika mawili, kila mmoja na lake, wakitaniana mpaka jua lipoe.

Lilikuwa joto la kaskazi, joto ambalo mbuzi hawatoki kivulini. Hakukuwa na mvua wala upepo. Asubuhi moja Mwanaidi aliamka na homa na akasema kifua kinambana. Bibi alimpangusa kwa kitambaa cha maji, akamtuma jirani mwenye pikipiki akampigie baba simu. Baba alifika na mama, wakamkalisha katikati yao kwenye gari. Alikuwa amefumba macho. Nilimuuliza kama nimletee maji, akatikisa kichwa. Nililiona gari likishuka kilima kuelekea hospitali, vumbi likabaki limesimama hewani kwa kukosa upepo wa kulisogeza.

Baba alirudi kesho yake alasiri, peke yake. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba bila kuvua viatu. Bibi alitoka na kumsimamia.

"Umemwacha na nani?"

"Nimemwacha na mama yake."

"Anaendeleaje?"

Baba alishika kingo za ngazi kwa mikono yote miwili, kama ngazi ile inatikisika. Bibi alikaa chini pembeni yake pale pale mchangani, akajifunika uso kwa khanga, na mimi nikajua bila kuambiwa.

Tulimzika Kisarawe, kwenye makaburi ya ukoo wa baba. Watu walikuja wengi, wa pale na wa Kibaha, na wanawake wa mtaani wakaingia jikoni kama ilivyo kwenye msiba wowote. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Maji yalichemka kwenye sufuria kubwa ya pilau, mtu akauliza majani yako wapi, na mwanamke mmoja mwenye roho nzuri, ambaye hakujua lolote, akanyoosha mkono kwenye ubao. Alifungua kopo la Lushoto akalikung'uta sufuriani. Akafungua la Njombe, la Mufindi, la Tukuyu, akayakung'uta yote pamoja na kugonga vitako vya makopo ili kisibaki kitu, kisha akatia sukari na mwiko. Nilipoinuka makopo yote yalikuwa matupu. Harufu ile fupi ilipanda mara moja, zote kwa pamoja, sikuweza kuzitenganisha, ikaondoka. Chai iligawiwa kwa wafiwa. Mama alipewa kikombe, akakipeleka mdomoni, akasita. Naamini aliusikia moshi wa jiko la kwao. Alikunywa mpaka mwisho, akarudisha kikombe kwenye sinia. Mama yake alifika kutoka Tukuyu kwa basi wakati mazishi yamekwisha, akamkuta mjukuu wake kaburini.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafundisha Mlandizi, na baba na bibi wote wameshatangulia. Mengi yamebadilika. Watoto wa selimundu siku hizi wanagundulika mapema, wana kliniki yao, wana dawa ya kumeza kila siku, na ninao wanafunzi kadhaa wenye hali hiyo ambao nisingewatambua kama wazazi wao wasingeniambia. Huwa nawatazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopaswa. Nyumba ya Kibaha bado ipo, anaishi mama, na vyumba vya uani amempangisha mwanamke mmoja mwenye kijana wa miaka kumi na minne. Kijana huyo ana selimundu. Anacheza mpira, golikipa, anachelewa kurudi na kugombezwa kama wenzake wote. Mama amemzoea, humwekea chakula.

Mwezi wa saba uliopita, msimu wa baridi kali, shule yake ilikwenda ziara Mbeya. Niliogopa mama angesema kitu, lakini hakusema. Kijana aliporudi alikuja kutuonyesha picha kwenye simu. Kwenye moja amesimama kando ya barabara, ukungu nyuma yake, anacheka, mikono ameificha kwenye mikono ya sweta lililomzidi. Shingoni lilionekana jingine ndani yake. Mama alivaa miwani, akaishika simu karibu na uso.

"Hukuumwa?" alimuuliza.

"Hapana, bibi. Nilivaa masweta mawili."

Kijana akaenda zake. Mama alibaki ametazama pale simu ilipokuwa. Nilisogea, nikamshika bega, nikamwambia taratibu, "Mama, siku hizi kuna dawa. Enzi zile dawa hizi hazikuwepo."

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga yake, akaikunja.

"Masweta yalikuwepo," alisema.