Pazia la Fundi Theopista

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kulikuwa na pazia la khanga kuukuu, na nyuma yake wanawake walivua magauni wapimwe. Fundi Theopista, mjane wa Kibosho, alikuwa na utepe shingoni na mdomo uliofungwa kama duka la ushirika sukari ikiisha. Aliyoyaona migongoni hakuyasema; aliyoambiwa, vilevile. Mwishowe wateja wengine wakawa wanakuja bila kitambaa, kusema tu yaliyowasibu.

Severa alikuwa mmoja wao. Mumewe, Tarsis, alikuwa balozi wa nyumba kumi: ndiye msuluhishi wa ugomvi wa wanandoa, na ndiye wa kuarifiwa kila mgeni anayelala mtaani. Kwa utaratibu huo, mke wa balozi akipigwa amshitaki balozi kwa balozi, na akikimbia, aliyempokea amwarifu balozi. Hakuna aliyeona kasoro.

Asubuhi moja Severa akatoweka. Theopista pekee alijua alipo: ng'ambo ya barabara, nje ya nyumba kumi za Tarsis, chumba cha nyuma kwa Ranjanben, mjane wa Kihindi ambaye Theopista humshonea blauzi. Angekaa huko hadi kaka yake afike kutoka Moshi.

Jioni Theopista akaitwa kwa balozi. Ulikuwa mwaka wa Nguvu Kazi: asiye na kitambulisho cha kazi alipandishwa lori akalime kijijini, na kwa fundi wa mtaani kitambulisho hicho kilikuwa barua ya balozi yenye mhuri. Tarsis alikaa na wazee wawili, Anselmi wa karakana za Gerezani na Marcelino, katibu wa tawi la chama, aliye juu ya balozi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Karibu mama, kaa," Tarsis akasema kwa upole. "Severa yuko wapi?"

Theopista akaushika utepe wa shingoni. Tarsis akaendelea:

"Padre tunajua ana kitubio, anafunga mdomo. Daktari naye ana kiapo. Wewe una nini? Cherehani."

"Tena ya mguu," Anselmi akachomekea, akacheka.

Tarsis akaigeuzageuza barua ya Theopista mkononi. "Mhuri bado. Kesho malori yanapita Msimbazi. Mimi sina haraka, mama."

Theopista alimkumbuka Blandina, muuza vitumbua, alivyonyanyuliwa juu ya lori na kikaango chake kingali moto. Akahisi ulimi unasogea wenyewe. Chumba cha nyuma kwa Ranjanben: maneno machache tu, kisha angekwenda zake nyumbani.

"Haya, tuambie. Yote uliyoambiwa nyuma ya pazia."

"Yote?" Hakuwa na ujanja wowote, alitafuta tu pa kupumulia. "Sasa nianze na ya nani, balozi? Wake zenu wote ni wateja wangu."

Anselmi akaacha kucheka. Marcelino akakohoa. Mkewe, Candida, alikuwa na desturi ya kujigonga mlangoni, na mlango wa nyumba yao ulikuwa mkali kuliko milango yote ya Kariakoo.

"Balozi, tusikurupuke," Marcelino akasema. "Siri ya mwanamke na mshauri wake ni amana. Hata chama kinaheshimu amana."

"Kweli kabisa," Anselmi akadakia. "Amana ni amana."

Kikao kikafungwa kwa kanuni njema iliyozaliwa, kama nyingi za aina yake, na woga. Tarsis aliirudisha barua mfukoni bila mhuri.

Alfajiri Marcelino akaja mwenyewe na barua nyingine, wino wa mhuri wa tawi haujakauka. Hakumtazama usoni. Saa tatu mgambo wakasimamisha lori mbele ya cherehani, wakaisoma ile barua, wakamrudishia. Siku chache baadaye Severa na kaka yake wakapanda basi la Moshi.

Candida alikuwa aje Jumamosi kujaribu gauni lake. Hakuja. Jumamosi ya pili hakuja. Theopista akajipa moyo, akamsimamisha Marcelino barabarani.

"Shemeji, Candida hajambo? Gauni lake tayari."

"Hajambo sana. Nimemnunulia cherehani, anajishonea nyumbani." Akatabasamu. "Hana haja ya kuzunguka tena, mama. Na barua yako uitunze."

Theopista akarudi akakaa. Malori hayakuwa yakimtisha tena. Sasa alitishwa na ukimya wa nyumba ya Marcelino. Kila pazia lilipotikiswa na upepo aligeuka. Ni gauni tu lililoning'inia pale, la mikono mirefu hadi viganjani, alivyoomba Candida mwenyewe, katikati ya joto la Januari.