Vikapu Visivyo na Bluu

Watu wa Bagira wanavitambua vikapu vya Maisara kwa mbali: vyekundu, vya kijani, vya manjano, bluu hakuna hata uzi mmoja. Zamani alikuwa akichemsha unga wa bluu pia wa kutia nyuzi rangi, ukamtoa malengelenge mpaka kwenye viwiko, akaacha. Nyuzi za bluu alimwachia jirani yake Bintu, ambaye husema mwenyewe kwamba ngozi yake ni ya mamba.

Kwa hiyo daktari Constantin alipomuuliza kabla ya upasuaji wa titi, "Maman, iko dawa yenye inakukatalaka?" alijibu kwa moyo safi kwamba hakuna dawa inayomdhuru. Nani angemtajia daktari unga wa vikapu?

Alipokwisha kulala kwa dawa ya usingizi, madaktari walimchoma sindano ya rangi ya bluu kando ya uvimbe, iwaonyeshe tezi za kwapani ambazo ugonjwa huzifikia kwanza. Mara mwili ukajaa vipele vya bluu, kifua kikabana, mapigo ya moyo yakapotea chini ya vidole vyao. Wakaweka kisu chini, wakaanza kupigania pumzi yake.

Jioni Bintu aliruhusiwa kuingia. Alikuta midomo ya bluu, na mkojo wa bluu ukidondoka kwenye mfuko ulioning'inia kando ya kitanda. Akaangua kilio cha msiba.

"Nyamaza, wee mamba," Maisara alinong'ona. "Niko muzima."

Uvimbe nao ulikuwa bado upo. Ilibidi arudi kwenye meza ya upasuaji.

"Ile rangi hatutaigusa tena," daktari aliahidi, aliposimuliwa habari za unga. "Kama iko ndugu ya ile ya vikapu, sijui. Kipimo yake hatuna hapa."

Maisara alimwamini, lakini hofu haikumtoka. Akishalala, hana mdomo. Mmoja wao akisahau, nani atasema?

"Basi baki na uvimbe ikuue polepole," Bintu alimwambia kwa hasira, machozi yakimlenga.

Maisara akarudi. Taa ikawaka juu ya macho yake, barakoa ya usingizi ikasogea. Akaushika mkono wa daktari.

"Onyesha kwanza."

"Nini, maman?"

"Sindano zote."

Daktari hakucheka. Alifunua sinia, akainua sindano moja moja kwenye mwanga. Hii kama maji. Hii nyeupe kama maziwa. Hii maji tena.

Bluu haikuwemo. Lakini wote waliomzunguka walivaa bluu, kuanzia kofia hadi viatu, na vidole vyake havikuuachia ule mkono mpaka usingizi ulipovilegeza.