Ngano, hekaya na wivu: jinsi maneno ya hadithi yalivyoitikisa ndoa yangu kule Ugweno

Wakuu habari za humu. Na shikamoo kwa walionizidi umri, ingawa sidhani kama mko wengi.

Mjukuu ndiye aliyenifungulia ID. Ninachoandika kilinitokea mwenyewe, sina sababu ya kutia chumvi.

Nilizaliwa Lembeni, nikaolewa Shighatini, kule juu Ugweno, milima ya Upare, Mwingereza akiwa bado anatawala. Mume wangu, Elisante, alikuwa mwalimu. Mimi nilisoma kidogo tu, nikaweza Biblia na jina langu.

Akaja mwalimu wa kike, Nakijwa, mtu wa upande wa Same. Kijana, hajaolewa, gauni lake muda wote limepigwa pasi.

Shule ikawapa yeye na mume wangu kazi ya kukusanya hadithi za wazee na kuziweka katika Kiswahili, watoto wapate cha kusoma.

Basi jioni wanakaa kibarazani kwangu, mimi naleta chai.

Wanabishana. Hii ni ngano, ile ni hekaya, hii habari ya shujaa, ile ya asili ya mvua na milima. (Siku hizi wasomi mnasema visasili na visakale. Sisi kule hatukuyasikia.)

Wakuu, hadithi zenyewe nilizijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Majina ya aina zake ndiyo sikuyajua. Wao wanacheka, mimi nimesimama na birika.

Nyie acheni tu. Wangeshikana mikono ningejua pa kuanzia ugomvi. Sasa utamgombeza vipi mtu kwa neno hekaya?

Siku moja nikamsikia mume wangu akimwambia, "Hapa nyumbani sina mtu wa kuzungumza naye mambo haya."

Nikarudi jikoni. Makande yaliungua huku nayatazama.

Jumamosi, Elisante akiwa shambani kwenye kahawa, nikaenda kwa Nakijwa. Njia nzima napanga maneno: aache kuja kwangu, la sivyo nitamsema mbele ya kanisa zima.

Nikamkuta anachambua maharage. Akaniita dada, akanipa kigoda, akasogeza ungo katikati yetu.

Nilipofungua mdomo, kilichotoka sicho nilichokipanga.

"Hivi hekaya ni nini?"

Hakunicheka. Akasema hekaya ni kisa cha ajabu au cha kuchekesha, watu wafurahi. Ngano ndiyo ya sungura na mazimwi, kila mtu anajua haikutokea. Ya shujaa ina ukoo wake na mahali pake, na wenyewe wanaapa kwamba aliishi.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Wivu haukuisha, nisiwadanganye. Ila sasa nilimwonea wivu mtu niliyempenda.

Tatizo, katika nyumba iliyopakana na ya Nakijwa alikaa mwalimu kapera. Watu wakampelekea Elisante maneno kwamba mkewe anaonekana sana kule.

Elisante akabadilika. Chakula anagusagusa. Nikijifunga kanga ya kutokea, ananitazama mpaka naishia njiani.

Jumamosi moja akanifuata.

Alitukuta tunabishana juu ya msichana aliyemezwa na zimwi akatoka mzima. Nakijwa anasema ni ngano. Mimi nasema kwetu Lembeni wanaonyesha mwamba alipotokea, kwa hiyo huyo ni shujaa.

Elisante akasimama mlangoni, anahema. Alikuja na hasira usoni, nikaona inamtoka kidogo kidogo.

"Mbona hukuniuliza mimi?"

Nikamjibu, "Hukuwahi kunionyesha kwamba naweza kukuuliza."

Nakijwa akachukua ungo wake, akatoka nje.

Tulirudi nyumbani. Kwa muda mrefu wivu ulihamia kwake, akamwonea Nakijwa, maana kicheko changu kilikuwa kule. Nikamwacha auonje kidogo.

Halafu taratibu akaanza kunisomea alichoandika. Nami nikawa namkosoa, tena bila huruma.

Nakijwa alipoolewa akarudi Same, niliyelia ni mimi. Elisante ndiye aliyenibembeleza.

Nilichojifunza: nilidhani namwonea wivu mume, kumbe nilikuwa naonea wivu maongezi ambayo sikukaribishwa kuyashiriki. Ningekaa kimya ningevikosa vyote viwili, mume na maongezi. Uliza, hata kama sauti inatetemeka.

Haya, mliowahi kuyaonea wivu maongezi ya watu, mwageni yenu hapa chini. Nasoma polepole, ila nasoma yote.