Baba Mdogo Alivyoiamuru Ngozi Yake

Baba mdogo wangu alikuwa mkufunzi wa mgambo pale Guta, na ngozi yake haikumheshimu hata kidogo. Alikuwa na pumu ya ngozi. Mikunjo ya viwiko na shingo ilimwasha mpaka akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi. Miaka ile sabuni imeadimika, tunafulia majani ya mpapai, yeye alijipaka kila alichoambiwa, hata grisi ya trekta.

Maduka yalipoanza kujaa tena, dawa nazo zikaja, daktari mmoja wa Musoma akampa tyubu ndogo.

"Mzee, kinga ya mwili ni kama askari," alimweleza. "Wako wamechachamaa, wanapiga raia wasio na kosa. Dawa hii inawatuliza. Paka kidogo, hapo panapowasha tu."

Mtu mwingine angesikia mfano. Baba mdogo alisikia taarifa ya utovu wa nidhamu.

Kesho yake asubuhi alisimama uani, akapaka kiwiko cha kushoto, akakifokea: "Mguu pande!" Kisha cha kulia. Mama mdogo alikuwa anapepeta mtama, akaendelea kupepeta.

Haikuchukua muda ngozi ikalainika. Majirani wakapima mambo: dawa ilikuwa kidogo mno, sauti kubwa mno. Wakaamua kilichoponya ni sauti.

Jirani yetu mmoja, mama aliyeolewa kutoka Butiama, alikuja na choa shavuni, kidogo kama kifungo cha shati.

"Kamanda, na mimi niamrishie."

Baba mdogo akampaka dawa yake, akaamuru. Muwasho ukatulia, mama akawa anarudi kila asubuhi na mchicha wa shukrani. Lakini choa kilikuwa kinatambaa taratibu, mpaka kikafika sikioni na kulizunguka jicho.

"Kamanda, askari wako wamelala!"

Baba mdogo alimkagua uso kama anakagua gwaride. Sikuwahi kumwona akiogopa namna ile. Siku hiyohiyo alimpeleka Musoma mwenyewe.

Daktari alishika kichwa. "Choa ni fangasi, adui wa kweli kutoka nje! Wewe umewapa askari likizo, mlango uko wazi!" Akampa mama dawa ya fangasi, na ile nyingine akamkataza kabisa.

Waliporudi, baba mdogo aliomba radhi mbele ya mume wa yule mama. Mama akasema amesamehe, ila apewe amri inayofaa. Basi kila jioni mama akijipaka dawa mpya, baba mdogo alisimama upande wa pili wa ua na kupaza sauti: "Mguu sawa!" Mume, ambaye alikuwaga hataki kabisa mambo ya mgambo, naye akawa anabana visigino.

Uso ulipona. Baba mdogo aliendelea na tyubu yake kwa uangalifu, na kila aliyemjia na muwasho alimwelekeza hospitali. Wengi waliondoka wakinung'unika kwamba kamanda siku hizi amekuwa mchoyo wa sauti.