Nilimsimamisha Mama Mdogo atoe ushuhuda

Admin, jina langu libaki kwako, maana nusu ya kanisa letu wanafuata hii page. Mimi ni mama wa miaka 38, Mkongo, naishi Louisville, Marekani. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake, Mama Mdogo.

Mwaka jana sisi akina mama wa kanisa tulifundishwa kupima presha. Kila Jumapili baada ya ibada tunapanga viti, tunapima watu, tunaandika kwenye daftari. Presha ya Mama Mdogo ilikuwa ya kutisha. Nikampeleka kwa daktari, akaanza vidonge, akapunguza chumvi kwenye mboga yake ya sombe huku akininung'unikia. Baada ya miezi mitatu ikashuka. Kwa furaha, Jumapili moja kwenye ibada nikamshika mkono mpaka mbele. Akanong'ona, "Niseme nini?" Nikamwambia, "Sema tu Mungu ametenda." Akasema Mungu amemponya, kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Vidonge hakuna aliyevitaja, hata mimi niliyekuwa namchukulia pharmacy.

Jumapili zilizofuata hakukaa tena kwenye kiti. Nikimwita anacheka, "Mi nilishapona, mwanangu. Pima wagonjwa." Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Alianguka jikoni akipika fufu. Kiharusi. Hakuongea tena, siku ya tatu akaondoka.

Tulipokunja nguo zake, binti yake akatoa kopo la dawa lililofungwa ndani ya kitenge. Limejaa. Akaanza kulia. "Dada, nilimuuliza. Akasema, 'Nilishasema mbele ya kanisa Mungu aliniponesha. Bon, wakiniona nameza tena dawa, si watasema nilidanganya?'"

Tangu siku hiyo nataka kuliambia kanisa ukweli wa vile vidonge. Mume wangu anasema ninyamaze, nisimwaibishe marehemu. Binti yake naye ananisihi, "Ule ushuhuda ndio kitu cha mwisho watu wanamkumbukia mama. Usiuharibu, dada."

Lakini Jumapili hii kuna mama mwingine amepangwa kutoa ushuhuda wa presha. Ana watoto watano. Juzi nilipomwita apimwe alicheka, akaniambia nipime wagonjwa.

Nikisema ukweli, namvunjia heshima aliyenilea, na familia itanichukia. Nikinyamaza, nitakuwa nimesimama pale tena nikipiga makofi. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini kabla ya Jumapili?