Neno "Get" na Zizi la Minza

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa kituo cha kufundishia Kiingereza alinikabidhi boksi la chaki, ufunguo wa darasa na karatasi ya manila yenye neno moja juu: "get". Chini yake zilipangwa maana kumi na nane, kila moja na sentensi yake. Kupata. Kufika. Kuelewa. Kuugua. Kushuka kwenye basi. "Wanafunzi wakitoka hapa na neno hili, hawapotei mbele ya mgeni," aliniambia.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilibisha karibu kila kitu. Nilianzia tawi la Nyalikungu, kisha nikahamishiwa Bariadi alikokaa Mkuu mwenyewe, kwenye chumba nyuma ya maduka ya pembejeo. Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima: madereva, wauzaji, mafundi simu. Tulifundisha kwa drili, yaani mwalimu anasoma sentensi na darasa linaitikia mara tatu, kwa mpangilio uleule kila siku. Nilimuuliza Mkuu nani aliyezipanga zile maana. Akasema alizikuta. Nikauliza kwa nini basi tusizipange upya.

"Kijana, umekuja kufundisha au kukagua?"

Mwanafunzi mmoja aliitwa dada Minza, aliyenizidi umri na aliyeishi kwa kaka yake nje kidogo ya mji. Hoteli moja ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi, nayo ilimpokea yeyote mwenye barua ya kituo chetu. Barua ilipatikana kwa jaribio moja la mdomo. Kaka yake alishamwambia wazi kwamba akiikosa, mambo ya Kiingereza yaishe, aingie shambani kuchuma pamba.

Jumatatu ya wiki ya jaribio Mkuu alisafiri kwenda Mwandoya. Nilibandua ile manila nikaandika nyingine. Niliondoa maana saba ambazo sikuwahi kusikia mtu akizitumia, na zilizobaki nikazipanga kuanzia zinazotumika zaidi. Siku mbili tukazirudia hivyo, nami nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Jumatano Mkuu alirudi na kuendesha jaribio. Alimtaka Minza aseme kwa Kiingereza kwamba mgeni amefika hotelini. Minza akatazama dirishani, akanyamaza. Swali la pili, kimya. La tatu vilevile. Mkuu akafunga daftari.

Nilimfuata Minza nje nikamuuliza kimetokea nini, maana wiki iliyopita alikuwa anajibu bila kusita.

"Mwalimu, ng'ombe wetu wanatoka zizini kwa mpangilio mmoja kila asubuhi," alisema. "Anatangulia mweusi mwenye paji jeupe, huyo ndiye kupata. Wa pili ana pembe moja, ndiye kufika. Nilikuwa nafungua zizi huku nawaita hivyo mpaka wa mwisho. Sasa wewe umechinja saba, waliobaki umewachanganya. Niliposimama mle ndani waligombania mlango, hakutoka hata mmoja."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikunja goti kidogo kuniaga, akaondoka.

Niliingia ofisini nikamweleza Mkuu kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulimuuliza nani kabla ya kubandua?"

Nikakiri sikumuuliza mtu. Akaniamuru niirudishe manila ya zamani, na Ijumaa akampa Minza jaribio upya. Safari hii niliyaangalia macho yake. Kila swali yalikwenda dirishani, yakangoja kidogo, kisha jibu likaja. Kwenye kuugua alichelewa sana hadi nikashika meza. Baadaye aliniambia yule ng'ombe ni mvivu kutoka.

Alipata barua, na hoteli ikamchukua.

Niliifanya kazi ile miaka mitatu, kisha mkataba ulipokwisha sikuuongeza. Ninyi vijana mnaosoma haya mkisubiri ajira mtauliza kama nilibadilika. Bado sioni kazi ya zile maana saba, na bado naamini ile orodha ilipangwa na mtu aliyekuwa na haraka. Ila siku hizi, kabla sijagusa mpangilio wa mtu, namuuliza kwanza amefunga nini humo ndani.

Juzi nilipita hotelini. Minza alikuwa anamwelekeza mgeni kwa Kiingereza, akimtazama usoni. Mgeni alipoondoka nikamuuliza kama bado anawafungulia zizi wale ng'ombe. Akacheka.

"Yule mweusi alikufa kiangazi kilichopita, mwalimu. Neno lake ninalo."