Gunia la Pistoni

Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi wao walistahili. Wa kwanza kwenye orodha yangu ni wenye magari. Mwenye gari wa Kitengela katika miaka ya tisini aliamini macho yake tu. Ukimuundia injini upya hakujali inavyonguruma, aliuliza, "Spea za zamani ziko wapi?" Ilibidi umkabidhi vyuma ulivyotoa, ndani ya gunia, ndipo alipe. Sisi mafundi tulikuwa tumeiba sana, kwa hiyo siwezi kusema desturi hiyo ilizuka hivihivi. Lakini ilikuwa ya kijinga, maana fundi mbovu hutoa vyuma vingi na fundi hodari hutoa vichache.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mzee aliyetajirika kwa kununua na kuuza ploti za Kisaju. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba na kurudi kwao alimuuzia gari la spoti la Kiingereza, la zamani, viti viwili, silinda sita, rangi ya kijani. Gari lile lilistahili mtu mwingine. Kwa miaka miwili mzee alilinywesha maji ya kisima cha Kitengela, yale ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, mpaka injini ikachemka na kukwama. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba maji ni maji. Kuanzia hapo sikumhesabu tena miongoni mwa watu wenye akili.

Kazi ilinichukua miezi mitano. Njia zote za maji ndani ya injini zilikuwa zimezibwa na ukoko ule, na niliutoa kwa waya, kwa asidi na kwa kucha zangu, kidogo kidogo. Pistoni zilikuwa nzima, nikazisafisha na kuzivisha ringi mpya zilizotoka Uingereza. Valvu nilizisaga kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka zikakaa sawasawa. Sikutupa kitu kilichoweza kuokolewa, kwa sababu vyuma vile vya asili havikuwa vikitengenezwa tena. Sehemu kubwa ya jasho langu niliimwaga nyuma ya gereji, uji mweupe wa ukoko na asidi ambao hata kuku waliukwepa.

Nikapanga bei. Kwa hesabu ya watu wa Kajiado, ilikuwa fahali wanne wazuri. Niliipima tena na tena, sikuona pa kuongeza wala pa kupunguza. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya haki, na niliitaka yote. Sikuitaka kwa njaa. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nilijua sitaifanya tena.

Mzee alikuja na kofia yake ya ngozi. Niliwasha injini ikaitika mara ya kwanza. Hakuisikiliza. Aliniuliza gunia liko wapi, nami nikamwonyesha mkebe wa mafuta ya kupikia, maana vyuma vyote nilivyotoa vilienea humo.

"Miezi tano, fundi, na hii ndiyo umetoa?" Aliutikisa mkebe. "Kwa hii mkebe nakupea ng'ombe moja na nusu."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinama juu ya injini, mikono nyuma, akasema, "Haya, nieleze basi ulifanya nini."

"Mzee," nikamwambia, "hata nikikueleza hutaelewa."

Nilijisikia vizuri sana nilipolisema neno hilo. Aliuweka mkebe chini, akasema atarudi Jumamosi.

Gereji ya jirani yangu ilitenganishwa na yangu kwa ukuta wa mabati, na kila neno la upande huu lilisikika upande ule. Huyo naye nilimdharau. Alikuwa na rundo la pistoni zilizokufa, valvu zilizopinda na beringi za magari ya kila aina, na kila mteja wake aliondoka na sehemu ya rundo hilo kama ushahidi. Alichungulia juu ya mabati akicheka.

"Wewe unajifanya msomi," akasema. "Mteja hanunui injini, ananunua gunia. Kuja uchukue vyuma, huyo mzee afurahi, na wewe ulipwe. Kwani kuna nani ataumia?"

Nilimtukana. Ijumaa jioni nilikwenda nikachukua. Nilichagua mwenyewe, kwa uangalifu wa fundi: pistoni sita zilizochimbika vibaya, valvu kumi na mbili, beringi za kutosha. Nilizipaka oili chafu ili zilingane. Nilijiambia kwamba ninamdanganya mpumbavu ili haki itendeke, na kwamba mwenye akili angejua tofauti kwa kusikiliza tu.

Jumamosi mzee alilinyanyua gunia kwa mkono mmoja, akalishusha, akalinyanyua tena. Uso ulimng'aa. Alilipa fahali wangu wanne bila kupunguza hata mkia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na gunia akaliweka kwenye buti la gari taratibu kama kapu la mayai. Nilimcheka mpaka gari lilipopotea.

Miaka saba ikapita. Mzee aliugua macho, akaamua kuliuza gari. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo wa Kajiado, mtu ambaye familia yake ilitoka Kaskazini Mashariki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini na mapikapu matatu ya kubebea mbuzi. Mzee aliniomba twende pamoja nikawe shahidi wa injini. Nilikubali kwa majivuno, kwani nilitaka kuisikia tena.

Tulisimama uani nyuma ya duka. Mnunuzi aliwasha gari, akafunga macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu akapitisha kiganja ubavuni mwa injini, kutoka silinda ya kwanza hadi ya sita, kama anavyompapasa ng'ombe. "Joto iko sawa kote," akasema. Huyo ndiye mtu pekee katika hadithi hii ambaye sikupata sababu ya kumdharau.

Ndipo mzee, kwa furaha, akafungua buti na kutoa gunia. Alikuwa amelitunza miaka yote hiyo. Sikujua kama amekuja nalo. Mnunuzi alitoa pistoni moja, akaigeuza, akatoa ya pili.

"Hii ni ya pickup," akasema polepole. "Niko na mbili kama hizi hapo stoo. Fundi, hii gunia ni ya nani?"

Uongo ulinijia tayari midomoni, lakini nilikuwa nimechoka nao. Nikasema ni langu. Nikasema gunia ni la uongo na injini ni ya kweli. Halafu nikaeleza, nikionyesha kwa kidole: ukoko wa maji ya kisima, waya, asidi, pistoni nilizookoa, valvu nilizosaga kwa mkono. Nilieleza yote. Haikuzidi dakika kumi. Mnunuzi alielewa, na mzee, aliyeinama karibu na injini kwa sababu ya macho yake, alielewa pia. Aliniuliza hata swali moja kuhusu ringi, na lilikuwa swali zuri.

"Nakuamini," mnunuzi akaniambia. "Lakini ng'ombe akiwa mzima na pamiti yake ya kusafirishwa ni feki, mimi nanunua kwa bei ya pamiti. Kesho nikiuza, huyo mwingine atauliza pia." Akataja bei ya bodi na magurudumu. Injini hakuihesabu.

Mzee alikubali. Alihitaji pesa za kutibiwa macho. Nilikuwa nimelipwa thamani yote ya kazi yangu, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiipoteza yote mbele yangu.

Tulipofika barabarani alinikabidhi gunia.

"Fundi," akasema, "siku ile nilikuuliza ulifanya nini."

Nilirudi Kitengela na gunia magotini, na njia nzima pistoni zile zilikuwa zikigongana.